Samaki wa Ziada, Vijana wa Ziada



Kuna neno moja katika sheria ya bahari ambalo kila mwaka huwaomba wanafunzi wangu walisome mara mbili. Neno hilo ni "ziada". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaica, mwezi Desemba 1982, unaipa nchi ya pwani haki juu ya samaki walio ndani ya maili 200 za bahari, takriban kilomita 370 kutoka pwani yake. Lakini kifungu cha 62 kinaongeza sharti. Nchi hiyo ipime uwezo wake yenyewe wa kuvua. Na kama haina uwezo wa kuvua kiasi chote kinachoruhusiwa, basi kinachobaki, yaani ziada, iwape wengine nafasi ya kukivua kwa makubaliano.

Tanzania iliuridhia Mkataba huo mwaka 1985, na mwaka 1989 ikatunga sheria yake ya bahari ya kitaifa na ukanda wa uchumi. Mtanzania mwenzetu, Jaji Joseph Warioba, alikuwa miongoni mwa majaji wa mwanzo wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kuanzia mwaka 1996. Hatuwezi, kwa hiyo, kudai kwamba mambo haya yaliamuliwa sisi tukiwa tumelala. Tulikuwapo, tulijadili, tulisaini.

Nimelifundisha neno hilo kwa miaka mingi nikiwa na ubao nyuma yangu na feni juu ya kichwa. Novemba iliyopita nilikesha usiku mmoja mahali ambapo neno lenyewe hufanya kazi yake, na ninataka kuwasimulia nilichokiona huko.

Safari ilikuwa ya kifamilia. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, ni nahodha huko Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Mwisho wa kusi, upepo unapotulia na bahari ikaingia katika ule utulivu ambao watu wa pwani huuita maleleji, yeye hupenda kwenda mbali kuliko kawaida kumtafuta nduaro. Alikuwa akinialika tangu nilipomaliza shahada ya uzamivu, akinitania kwamba daktari asiyelala baharini hajui anachokitibu. Safari hii nilikubali. Tulikuwa watu sita: Ami; baharia wake wa siku nyingi; binti yangu wa miaka 17; rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa ni afisa katika wizara moja; mpwa wangu, mtoto wa dada yangu; na mimi.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda, nayo ilikuwa huyo mpwa. Ana shahada ya sayansi ya viumbe wa majini. Alihitimu miaka mitatu iliyopita, ameandika barua za maombi ya kazi ambazo mama yake amezihesabu hadi 40 kisha akaacha kuhesabu, na tangu mwaka jana amekuwa akishuka baharini na babu yake. Dada yangu alinipigia simu wiki moja kabla ya safari. "Kaka, wewe ni msomi, maneno yako atayasikia," aliniambia. "Mwambie mwanangu aiache bahari. Sikumsomesha ili nikamsubiri ufukweni."

Dada yangu hasemi maneno hayo kwa kudekeza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikiwa imepakia abiria wengi kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa bahari kati ya Nungwi na Pemba. Asubuhi ile yeye alikuwa mmoja wa wanawake walioteremka ufukweni na kanga na chai ya moto kuwapokea waliookoka. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, wengi wao kwa msaada wa wavuvi waliotoka kwa vyombo vyao wenyewe. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena. Dada yangu alizishika baadhi ya kanga zile zilipogeuka kuwa sanda. Tangu siku hiyo hajapanda chombo cha usiku.

Tuliondoka dikoni baada ya sala ya alasiri. Boti yetu ni ya mbao, imetengenezwa na mafundi wa hapo hapo Nungwi, na ina mashine moja ya kupachika. Ndani yake mlikuwa na madumu ya petroli, pipa la barafu, ndoo ya ngisi kwa ajili ya chambo, mishipi minne mikubwa iliyozungushwa kwenye vibao, na majaketi sita ya kuokolea. Baharia alinieleza kando kwamba zamani boti hiyo ilikuwa na majaketi mawili, nayo yalikaliwa kama mito. Mpwa wangu ndiye aliyeapa kwamba hataingia chomboni mpaka yatimie kwa idadi ya watu, na tangu hapo Ami amekuwa akilalamika juu ya gharama na kuyavaa.

Tulipofika usawa wa ule mkondo, Ami alipunguza mwendo. Hakusema kitu. Alisoma Fatiha kwa sauti ya chini, baharia akaitikia, kisha mashine ikaongezwa moto tena. Binti yangu, ambaye alikuwa mtoto mdogo ilipotokea ajali ile, aliuliza tumesimamia nini. Mpwa wangu alimweleza yote, hadi mahali ambapo mama yake alisimama asubuhi ile. Nilimsikiliza nikaelewa kwamba kijana huyu haendi baharini kwa kutojua hofu ya mama yake.

Kisha tukageuza uso mashariki, tukaiacha Mnemba kuliani, na ardhi ikaanza kuzama nyuma yetu. Jua lilipokuwa limekwisha kutua, mpwa wangu, aliyekuwa ameshika kifaa cha kusomea majira, aliinua mkono. "Mjomba," aliniambia, "sasa tumevuka maili 12. Hapa ndipo bahari kuu ya vitabu vyako inapoanzia."

Niliangalia. Maji yalikuwa yale yale. Hakukuwa na mstari wala boya, wala chombo kingine chochote hadi upeo wa macho. Rafiki yangu afisa alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Baadaye alinitamkia kwamba ameandika aya nyingi za hotuba juu ya eneo hili na hakuwahi kulitia machoni.

Mashine ilizimwa. Ami alishusha mishipi kwa vipimo vya mikono yake: mmoja pima 20, wa pili pima 40, na miwili mirefu zaidi. Juu ya kila ndoana, hatua chache kutoka kwenye chambo, alifunga taa ndogo inayowaka inapolowa. Mwezi ulikuwa wa 14, mweupe na mkubwa. Ami alitueleza kwamba kwa jarife yeye hutaka usiku wa giza ili samaki asiuone wavu, lakini kwa mshipi hutaka mwezi, ili samaki amwone ngisi.

Hapo ndipo mpwa wangu alipomgeukia binti yangu na kuanza kumfundisha, nami nikapata fursa ya nadra kwa mwalimu, ya kukaa kimya darasani. Alieleza kwamba jina nduaro kwetu huwakusanya ndugu wengi wenye mdomo wa mkuki, lakini huyu tuliyemfuata ni yule mwenye upanga mpana uliolala bapa. Mchana hushuka mamia ya mita katika giza na baridi. Usiku hupanda karibu na uso wa maji akiwafuata ngisi na samaki wadogo wanaopanda nao. Huko chini kwenye baridi, misuli iliyo karibu na macho yake huzalisha joto, ikayapasha macho na ubongo, hivyo huona kwa wepesi kuliko windo lake. Akikomaa hana meno wala magamba. Hutegemea upanga, jicho na mbio.

"Na wenye meli kubwa wanamvuaje?" binti yangu aliuliza.

Ami ndiye aliyejibu. "Kwa dhulumati, mwanangu. Kamba moja inakwenda maili na maili, na ndoana juu yake mamia kwa mamia."

Dhulumati ndilo jina la pwani la mshipi mrefu wa ndoana nyingi. Sikio langu husikia giza na dhuluma kwa pamoja ndani ya neno hilo, na usiku ule yote mawili yalikuwa karibu. Nilimuuliza Ami kama amewahi kuziona meli hizo. Alisema ni mara moja tu, miaka mingi nyuma, mashine ilipomharibikia na mkondo ukamchukua mashariki siku mbili. Aliona taa nyingi kama mji. Alipunga kanzu, lakini hakuna aliyemwona. "Mimi petroli yangu inafika hapa," alisema, akigonga ubao wa boti kwa kiganja. "Zaidi ya hapa narudi kwa makasia."

Ndugu msomaji, tafadhali tulia hapo kidogo. Mvuvi mwenye miaka 50 ya bahari anaishia maili chache baada ya mstari ambapo haki ya taifa lake juu ya bahari kuu ndiyo kwanza inaanza. Kutoka pale alipokaa Ami hadi maili ya 200 ni eneo kubwa ambalo kwa sheria ni letu, na ambalo kwa sehemu kubwa huvuliwa na wenye leseni kutoka nje, au na wasio na leseni kabisa. Samaki waliomo humo ndio wanaoitwa ziada. Lakini tukiuliza kwa nini wamezidi, jibu limo ndani ya dumu la petroli la Ami, ndani ya pipa lake la barafu, na katika dawati la taasisi moja ya fedha ambayo mpwa wangu na wenzake wanne waliiendea kuomba mkopo wa boti kubwa zaidi. Waliambiwa walete hati ya nyumba. Walipouliza kama boti yenyewe haiwezi kuwa dhamana, waliambiwa boti huzama.

Sisemi kwamba serikali haijafanya kitu. Ipo Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar na inayofanya kazi kwa niaba ya pande zote mbili za Muungano. Ipo sheria mpya ya mwaka 2020. Tanzania ni mwanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, ambayo huweka taratibu za kuvua jodari na jamaa zake, nduaro akiwemo. Shirika la Uvuvi, TAFICO, lililoanzishwa mwaka 1974 na kufifia katika zama za ubinafsishaji, limefufuliwa. Zanzibar ina wizara nzima ya uchumi wa buluu. Ujenzi wa bandari ya uvuvi ulianzishwa Kilwa Masoko. Hizi ni hatua, na mtu mwadilifu hazifichi.

Hata hivyo, kumbukumbu yetu ya pamoja kuhusu bahari kuu inasema jambo jingine. Mwaka 2009, doria ya pamoja ya nchi za ukanda wetu iliikamata meli ya Tawariq 1 ikivua ndani ya ukanda wetu bila kibali, ikiwa na takriban tani 300 za samaki. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli. Samaki wale waligawiwa kwa taasisi za umma, na nchi nzima ikawaita samaki wa Magufuli. Kesi iliyofuata iliisha kwa hukumu kufutwa katika rufani. Tulijadili meli, tukajadili waziri, tukajadili mahakama. Ni wachache waliouliza kwa nini meli moja ya kigeni ilikuwa na uwezo wa kubeba kwa safari moja samaki ambao kijiji kizima cha wavuvi wetu kisingeweza hata kuwafikia. Kumkamata mwizi ni wajibu wa dola. Kumwezesha mwenye nyumba kuingia katika chumba chake mwenyewe ni wajibu wa dola vilevile, na huu wa pili tumeupa nafasi ndogo mno.

Saa nane na ushei usiku, kibao cha mshipi wa pima 40 kilianza kugonga ubavu wa boti. Ami aliamka kabla yetu sote. Alishika mshipi kwa vidole viwili kama tabibu anayepima mapigo ya mshipa, akangoja, kisha akavuta mara moja kwa nguvu. Kilichofuata kilichukua muda uliokaribia saa mbili. Samaki alishuka, akachukua mshipi karibu wote. Ami alimwachia, akamrudisha, akamwachia tena. Alipochoka alimpa mpwa wangu. Nilimwona kijana yule, mikono imefungwa vitambaa, akisikiliza maelekezo ya mzee yaliyokuwa ya neno moja moja: legeza, ngoja, sasa. Mimi na rafiki yangu tulipewa kazi ya kumwaga maji na kukaa mahali tusipozuia mtu. Binti yangu alishika tochi bila kutikisika.

Nduaro alipofika juu, mwezi ulimwangukia mgongoni akang'aa zambarau na fedha, na jicho lake lilikuwa kubwa kama kikombe cha kahawa. Baharia alimpiga kulabu. Alipolazwa ndani ya boti urefu wake ulimzidi mpwa wangu, na upanga peke yake ulichukua sehemu kubwa ya urefu huo. Hakuna aliyepiga kelele. Ami alisema alhamdulillahi, akamkata damu papo hapo na kumtia barafu kadiri ilivyotosha. Haikutosha, na mkia ulifunikwa kwa gunia lililolowa.

Wakati tunangoja alfajiri, Ami alipanga mgawo kwa mdomo: fungu la chombo, fungu la mashine, mafungu ya watu, na vipande vya majirani. Alipomtaja mjukuu wake wa kike ambaye ni mjamzito, dada wa mpwa wangu, kijana alimzuia kwa heshima. "Babu, huyu tumpelekee kibua." Alieleza kwamba samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini kadiri wanavyokua, na kwamba wataalamu wa afya katika nchi kadhaa huwashauri wajawazito na watoto wadogo wasimle nduaro huyu. Ami alikunja uso. Katika miaka yake 50 ya bahari hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo, ingawa yapo yameandikwa. Alifikiri kwa muda, akasema, "Basi kibua." Jambo dogo hilo lilinigusa kuliko samaki mwenyewe. Elimu tuliyoigharamia kwa kodi ilikuwa imefika mahali ilipohitajika, bila semina wala posho, kwa sababu tu aliyekuwa nayo alikuwa ndani ya boti.

Sokoni dikoni, asubuhi, samaki alinadiwa. Dalali aliukagua mkia, akautaja, na bei ikashuka kwa ajili yake. Fedha ililipa petroli, barafu na chambo, na kilichobaki kilipogawanywa hakikufika ujira wa siku tatu wa kibarua wa ujenzi kwa kila mmoja. Barafu kidogo zaidi ingebadili hesabu yote.

Sasa nije kwa dada yangu. Nilimtembelea mchana ule, nikiwa bado nanuka chumvi. Nilimwambia kwamba sikumwambia mwanawe aiache bahari, na sitamwambia. Nilimweleza habari za majaketi sita. Nilimweleza habari za kibua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu hadi leo: "Na mashine ikizima usiku, kaka, wanampigia nani simu?" Sikuwa na namba ya kumpa. Hana haja ya mhadhara juu ya uchumi wa buluu mama yule. Anahitaji kujua ni nani atakayekuja.

Ndipo ninaporudi kwenye ziada. Tumezoea kuwahesabu samaki wa ziada na kuwauzia leseni wageni. Hatujazoea kuwahesabu vijana wa ziada: wale tuliowasomesha sayansi ya bahari, kisha tukawaacha waandike barua 40. Ziada hizi mbili ni ugonjwa mmoja. Nchi ambayo ina samaki wasio na mvuvi na wavuvi wasomi wasio na chombo haikosi rasilimali. Inakosa uamuzi wa kuzikutanisha.

Kwa watumishi wa umma mnaonisoma, nina mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wenu. Kwanza, chombo cha uvuvi kilichosajiliwa na kukatiwa bima kikubalike kuwa dhamana ya mkopo, ili kijana asiyerithi nyumba asifungiwe bahari. Pili, mapato ya leseni za bahari kuu na matumizi yake yachapishwe kila mwaka kwa Kiswahili, yabandikwe dikoni kama yanavyowasilishwa bungeni. Tatu, kila meli ya kigeni inayopewa leseni ichukue mwangalizi wa Kitanzania, na nafasi hizo zitangazwe hadharani kwa wahitimu wetu badala ya kupeanwa kimya kimya. Nne, pawe na kituo cha uokoaji kinachokesha katika ncha ya Nungwi, chenye boti, mafuta na namba ya simu inayopokewa saa nane usiku. Mkondo ule umekwisha kutudai vya kutosha.

Kwa wanafunzi wangu: mtakapokifikia kifungu cha 62 muhula ujao, nitawauliza maana ya uwezo wa kuvua. Msinijibu kwa tafsiri ya kamusi. Nendeni diko lolote lililo karibu nanyi, muulizeni nahodha petroli yake inafika wapi, na mje na idadi ya maili.